Kura kwa Ajili ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Novemba

Baridi imeingia. Asubuhi nilipofungua mlango pumzi ilinitoka kama moshi, na bomba la uani lilikuwa limeganda. Nimeamua kuandika kila ninapopata nafasi, hata mstari mmoja, kwa sababu kuna mambo siwezi kuyasema kwenye simu. Mama anasema simu ya nyumbani siku hizi inakwaruza kabla hajaanza kuongea, na jirani amemwambia hiyo ni dalili ya kusikilizwa. Huenda ni uzee wa simu tu. Lakini tangu mdogo wangu afungwe, familia nzima tumekuwa watu wa kunong'ona.

Tarehe ya uchaguzi wa nyumbani imetangazwa, Jumapili ya tarehe 23 Februari. Sisi tulio nje tutapiga kura ya mkuu wa nchi peke yake, tena ubalozini tu. Kwangu inatosha. Anayeshindana na Mzee, mkuu wa nchi wa sasa, ni yule mama aliyewahi kuwa jaji, na watu wanamwita hivyo hivyo, Jaji. Juzi alisimama mbele ya umati akasema wauguzi waliofungwa kwa ajili ya mgomo atawatoa wiki ya kwanza. Mama alinisomea maneno hayo kutoka gazetini, polepole, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa.

Mdogo wangu ni mmoja wa wauguzi hao. Oksijeni iliisha katika wodi ya watoto, naye akawaeleza waandishi wa habari kilichotokea asubuhi ile. Kesho yake wenzake wakagoma. Picha yake ndiyo iliyotoka gazetini, kwa hiyo yeye ndiye aliyepewa miaka mingi kuliko wote. Minane.

Jumatano, 6 Novemba

Kazi tu. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, mashuka yanaingia machafu upande huu na kutoka yamepigwa pasi upande ule. Leo kwenye shuka la wodi ya wazee nimekuta meno ya bandia. Msimamizi amecheka akasema kuna mtu leo anakunywa supu. Ni mwanamke mwema, msimamizi wangu.

Jumapili, 10 Novemba

Mkutano wa chama chetu cha wananchi tunaoishi huku. Mwenyekiti, mwenye duka la kutengeneza simu, amezungumza vizuri mpaka mzee mmoja mbele yangu akapangusa macho. Alisema tumekuwa wa kutuma hela tu, sasa tutatuma na sauti. Alisema siku ya kura atakodi basi la kwenda mji mkuu, bure, la watu wote, hataulizwa mtu anampigia nani. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Nilirudi nimechangamka nikamkuta msusi anaosha vitana. Msusi ndiye ninayeishi naye. Tumepanga chumba kimoja na jiko, mchana yuko saluni, mwisho wa wiki anasukia wateja hapa hapa.

"Ungekuja," nikamwambia.

"Nilikuwa na mteja."

"Mteja gani Jumapili asubuhi? Sioni hata unywele sakafuni."

"Mteja wa usingizi." Akakung'uta kitana. "Nchi yako ilikusahau siku ulipopanda ndege. Sasa unataka ikuvutie kiti ukae."

Msusi hana mtu jela. Mtu wa namna hiyo kila kitu kwake ni mzaha.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeomba ruhusa, nimepanda treni ya alfajiri, nimefika ubalozini saa sita kasoro. Dirisha la kujiandikisha linafungwa saa sita. Mlinzi akaniambia nikimbie, nikakimbia na koti langu zito kama mtu aliyebeba godoro.

Karani wa dirishani ni mwanamume wa makamo, ana miwani na sweta limetoboka kiwiko. Hakuniangalia usoni. Alifungua pasipoti yangu, akageuza kurasa, akanirudishia.

"Inaisha Mei."

"Ndiyo. Uchaguzi ni Februari."

"Inatakiwa ibakize miezi sita baada ya siku ya kura. Kaihuishe kwanza, halafu uje uandikishwe."

"Nahuishia wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi nihuishie."

"Mpaka uwe na miadi. Miadi inapatikana kwenye mtandao." Akavuta pazia la dirisha. Ilikuwa saa sita kamili.

Nimekaa kwenye benchi la stesheni nikala mkate mkavu. Nilikuwa na hasira na lile sweta lake kuliko na yeye mwenyewe. Mtu ameshindwa kushona kiwiko, ndiye wa kuniambia mimi sina sifa ya kumtetea mdogo wangu.

Ijumaa, 22 Novemba

Tovuti ya miadi haifunguki.

Jumatatu, 25 Novemba

Imefunguka. Nafasi zote zimejaa.

Jumapili, 1 Desemba

Theluji ya kwanza. Tovuti imejaa. Mama ameuliza, "Umeshajiandikisha, mwanangu?" Nikasema bado kidogo. Alikwenda gerezani juzi. Anasema mdogo wangu amekonda lakini ana uchangamfu, anawatibu wafungwa vidonda kwa maji ya chumvi. Alimwambia Mama, "Dada yuko huko atapiga kwa niaba yetu sote, maana sisi humu haturuhusiwi." Mama akalirudia neno hilo mara mbili ili nisikie vizuri.

Alhamisi, 12 Desemba

Kila siku wakati wa chai nafungua tovuti. Wenzangu kazini wanadhani nina mchumba kwenye simu. Mmoja ameniuliza ana watoto wangapi.

Jumatano, 18 Desemba

Nimepata miadi, tarehe 9 Januari. Ilitokea nafasi moja tu, nikaibofya kabla haijapotea. Nilipiga ukelele mdogo pale kwenye rola ya kupigia pasi mpaka msimamizi akazima mashine akidhani nimebanwa vidole.

Alhamisi, 9 Januari

Nilifikiri leo nitamaliza yote mawili. Asubuhi nikatoa picha na alama za vidole, wakachukua pasipoti ya zamani wakaitoboa kona, wakasema mpya itakuja baada ya wiki sita hadi nane. Nikatoka hapo nikaenda dirisha lile la pili nikiwa na stakabadhi mkononi.

Karani yule yule, sweta lile lile.

"Leta pasipoti," akasema.

"Ninyi ndio mnayo. Mmeichukua sasa hivi, chumba cha pili hapo."

"Hicho ni kitengo kingine."

"Hii hapa stakabadhi yenye muhuri wenu."

"Naiona. Lakini stakabadhi sio pasipoti."

"Pasipoti mpya itakuja Machi. Kujiandikisha kunafungwa mwisho wa mwezi huu. Nifanyeje?"

Aliinua mabega. Kisha akasema kitu ambacho njia nzima ya kurudi nilikuwa nakisikia kichwani: "Ungeanza mapema, dada."

Mapema lini? Uchaguzi umetangazwa Novemba. Nilitaka kumuuliza, lakini nyuma yangu kulikuwa na mwanamume mwenye mtoto anayelia, na msichana, na mzee mwenye bahasha kubwa, na wote walikuwa wanasubiri zamu ya kuambiwa hivyo hivyo.

Nimezungushwa kama pia. Nimefika nyumbani nimelowa mpaka soksi. Msusi alikuwa amenibakizia chakula jikoni, na maji ya moto kwenye beseni. Alisubiri niweke miguu humo ndipo akauliza.

"Wamekuambiaje?"

Nikamweleza. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema, "Uchaguzi uliopita mimi ilikuwa cheti cha kuzaliwa. Walitaka kile cha asili, na cha asili kiliungua na nyumba ya baba." Akanyanyuka akaenda kuosha sufuria.

Miaka miwili tunaishi pamoja, sikujua hata kama aliwahi kujaribu.

Jumapili, 12 Januari

Sikwenda kwenye mkutano. Mwenyekiti amepiga simu mwenyewe kuniuliza habari. Nikamweleza. Akasema, "Usijali, dada, mimi na balozi tunafahamiana, nitasema naye." Mungu ambariki.

Jumatatu, 20 Januari

Mwenyekiti hapokei simu.

Ijumaa, 24 Januari

Baridi kali. Madirisha yameganda kwa ndani. Mama ameuliza tena, na safari hii nikasema, "Jambo liko njiani." Ni kweli, liko njiani. Sikusema linakwenda wapi.

Alhamisi, 30 Januari

Kesho ndiyo mwisho. Juzi niliomba ruhusa, msimamizi akaninyima. Alinieleza kwa upole kabisa, akaniwekea na mkono begani, kwamba kuna mafua, wodi zimejaa, mashuka ni mlima, na kwamba haelewi uchaguzi wa mbali hivyo unanihusu nini na mimi naishi hapa. Sikuwa na maneno ya lugha yao ya kumweleza. Nilisema tu, "Ni mdogo wangu." Akasema, "Anagombea?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi."

Leo asubuhi nikapanda treni hivyo hivyo.

Nilifika mapema. Nikaambiwa yale yale. Safari hii sikuondoka. Sikugomba wala sikulia, nilikaa tu kwenye kiti cha plastiki kilichotazamana na dirisha, nikaweka mkoba mapajani. Karani akahudumia watu, akanywa chai, akafunga dirisha saa sita, akafungua mlango wa pembeni kwenda kula, akanikuta.

"Dada, tumefunga."

"Naona."

"Unasubiri nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya mdogo wangu tangu mwanzo, ile mitungi mitupu ya oksijeni, ile picha ya gazetini, miaka minane, Mama na safari zake za gerezani. Sikujua kama ni salama kumwambia mtu wa serikali mambo hayo. Nilikuwa nimefika pale ambapo mtu hajali tena.

Alisimama na kopo lake la chakula mkononi. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Ni yule aliyevaa koti la kijani kwenye picha?"

"Ndiye."

Akaingia ndani. Alikaa sana. Aliporudi alikuwa na faili langu kutoka kile kitengo kingine, ambacho kumbe ni hatua chache tu nyuma ya ukuta. Akafungua dirisha, akaandika namba ya pasipoti mpya ambayo bado haijachapwa, akagonga kompyuta, akanipa kipande cha karatasi chenye jina langu na muhuri.

"Umeandikishwa," akasema. "Siku ya kura njoo na hiki na stakabadhi. Usimwambie mtu nani amekufanyia."

Kwenye treni nilikishika kile kikaratasi mkononi mpaka kikapata jasho. Nje kulikuwa na ukungu mzito, lakini mimi nilikuwa nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Nilimpigia Mama nikamwambia, bila kunong'ona, "Mama, nimeandikishwa." Akaanza kuimba. Mama yangu, ambaye tangu kesi ile hata redio haitaki.

Ijumaa, 31 Januari

Msimamizi amenihamishia kwenye mifuko myekundu, ile ya wodi za maambukizi. Glavu mbili, barakoa, joto la boila usoni siku nzima. Amesema ni kwa mwezi mmoja, ili nifikirie. Naona simchukii. Ila ule mkono wake begani sitautaka tena.

Jumatano, 5 Februari

Mifuko myekundu.

Jumanne, 11 Februari

Mifuko myekundu. Nakohoa.

Jumapili, 16 Februari

Mwenyekiti amesema basi litaondoka Jumapili ijayo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya duka lake. Nilimuuliza mbele ya watu kama kuna nafasi yangu. "Ya kwanza kabisa," akasema. Nilitaka kumuuliza kuhusu balozi na zile simu, nikaona nisiharibu.

Msusi ameniambia, "Nitakusindikiza."

"Wewe hukuandikishwa."

"Nitakushikia mkoba. Mtu anayepiga kura anatakiwa mikono iwe mitupu."

Jumapili, 23 Februari

Naandika kwenye treni ya kurudi. Msusi amelala, kichwa chake kiko begani kwangu.

Tulifika dukani saa kumi na mbili na robo. Theluji ilikuwa inayeyuka, barabara ni tope tupu. Hakukuwa na basi. Tulisubiri. Hakukuwa na mtu mwingine yeyote, na hilo ndilo lililonishtua, maana kama basi limechelewa tungekuwa wengi. Fundi wa duka la jirani alikuwa anafungua mlango, akatuambia basi limeondoka zamani. Watu walikuwa wamevaa skafu zinazofanana, akasema, wakapigwa na picha.

Skafu za chama cha Mzee. Sikuhitaji kuuliza rangi.

Nikaanza kuangalia alama za magurudumu kwenye tope. Msusi ndiye aliyenivuta mkono. "Treni," akasema. "Twende. Utalia ukiwa umekaa."

Tulifika ubalozini mchana. Foleni ilitoka getini ikazunguka kona. Mvua nyembamba ilianza, ile inayoingia mpaka kwenye mifupa, na watu wakajifunika kwa mifuko ya plastiki. Kulikuwa na mwanamke aliyesafiri tangu jana na mapacha mgongoni na kifuani. Kulikuwa na fundi seremala mmoja aliyetuchekesha, akisema serikali inapima kwanza nani ana miguu ndipo ijue nani ana akili. Tulicheka. Kwa muda ule, naweza kusema, nilikuwa na furaha. Nilikuwa miongoni mwa watu wangu, tunaongea lugha moja kwa sauti, na mbele yetu kulikuwa na sanduku.

Mwenyekiti akatoka ndani akiwa na wenzake, kidole kina wino. Aliponiona alitaka kupita upande wa pili, lakini njia ilikuwa nyembamba.

"Basi lilijaa, dada," akasema.

"Lilijaa watu au lilijaa skafu?" msusi akamuuliza.

Akaangalia viatu vyake. Nilimkumbuka alivyosema kwamba hataulizwa mtu anampigia nani. Kweli hakuniuliza. Alikuwa anajua tayari. Nadhani alijua siku ile ile nilipomweleza shida yangu na habari ya mdogo wangu.

Ilipofika zamu yangu ilibaki kama saa moja kituo kifungwe. Karani alikuwa mezani, ameshona kile kiwiko, amevaa na kitambulisho cha msimamizi wa kituo. Aliponiona akatikisa kichwa kidogo, kama kunisalimu. Nikampa kikaratasi na stakabadhi. Akagonga kompyuta.

"Jina lako lipo," akasema.

Nikashusha pumzi.

Akaendelea kutazama. Akagonga tena. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

"Lipo, ila limepangwa kituo kingine."

"Kituo gani? Kuna kingine mjini?"

"Sio mjini." Akataja mji. Ni mji wa nchi jirani na hii tunayoishi, ng'ambo ya mpaka, ambako sijawahi kufika wala sina kibali cha kuingia, na pasipoti yangu yenyewe haijachapwa.

"Lakini wewe mwenyewe uliniandikisha. Hapa. Nilikaa kwenye kile kiti."

"Niliandika hapa. Mfumo uko nyumbani. Waliogawa vituo ni wao."

"Basi nipange upya."

"Leo haiwezekani, dada. Daftari limefungwa."

"Niandike kwa mkono. Una kalamu hapo."

Aliangalia pembeni, kwa mtu mmoja mwenye suti aliyekuwa amekaa nyuma yake. Yule wa suti akatikisa kichwa, hapana, bila hata kuacha kusoma simu yake.

"Tuko wangapi?" nikamuuliza karani.

"Wengi. Asubuhi nimerudisha wengi." Kisha akainama kama anayeokota kitu, akasema kwa sauti ambayo nadhani ni mimi tu niliyeisikia, "Hata mimi jina langu liko huko. Na siwezi kwenda, nasimamia hapa."

Nilitamani kumchukia, nikakosa pa kuanzia.

Nilikataa kutoka mpaka muda uishe. Walinisogeza ukutani. Nikaona vijana wanaingia, wengine wanapiga, wengine wanageuzwa. Mama wa mapacha alipiga. Seremala alirudishwa, na yule mtu wa maneno mengi alitoka bila hata neno moja. Saa kumi na mbili wakafunga sanduku. Niliweza kuona ndani, lilikuwa la plastiki angavu. Karatasi hazikufika nusu.

Msusi alikuwa nje na mkoba wangu, amelowa kabisa. Aliniangalia usoni, akaangalia vidole vyangu, akafungua mwavuli ambao siku nzima hakuufungua ili usiwasumbue watu kwenye foleni. Hakusema kwamba alinionya.

Stesheni simu ikalia. Mama.

"Umepiga kura, kwa ajili ya ndugu yako?"

Nyuma yake nilisikia watu, nadhani majirani walikuwa wamekaa naye wakisubiri. Kulikuwa na sauti ya mtu anayeuliza, "Anasemaje, anasemaje?"

"Nimepiga, Mama," nikasema.

Jumanne, 25 Februari

Mama anakwenda gerezani wiki ijayo. Anataka picha ya kidole changu chenye wino, aitoe studio ampelekee mdogo wangu. Simu haziruhusiwi ndani lakini picha wanaangalia tu kama haina maandishi.

Kazini tuna kalamu ya kuwekea mashuka alama za wodi. Nilingoja wenzangu waende chai. Nikapaka kidole cha shahada pale kwenye ukucha, kama nilivyomwona Mwenyekiti. Nikakiinua mbele ya shuka jeupe, nikapiga picha, nikatuma.

Mama ameandika: "Safi sana mwanangu."

Ijumaa, 28 Februari

Mzee ameshinda. Msemaji wa tume amesema kwenye redio kwamba kura za nje zilikuwa chache kwa sababu wananchi walioko ng'ambo hawana mwamko. Mtangazaji akauliza labda ni starehe zimewalevya. Wakacheka wote wawili.

Msusi alizima redio. Aliniuliza, "Utamwambia Mama lini?" Nikasema sijui. Akasema, "Nikusuke? Nywele zako zimekuwa kiota." Akanisuka. Nililia huku kichwa changu kiko magotini kwake, naye hakusimamisha mikono.

Jumatatu, 3 Machi

Bado mifuko myekundu. Mwezi umeisha lakini msimamizi amesahau, au hakusahau.

Alhamisi, 6 Machi

Mama ametoka gerezani. Mdogo wangu alishajua matokeo. Alikaa upande wake wa wavu, ameinamisha kichwa. Basi Mama akampa picha. Anasema aliishika kwa mikono miwili. Ameibandika ukutani pale anapolala, na wenzake wanakwenda kuiangalia. Ametuma salamu: "Mwambieni Dada asijilaumu. Yeye amefanya lake. Waliobaki nyumbani wakaogopa, ndio waliotuangusha."

Kuna jirani yetu ambaye siku ya kura hakutoka kwa sababu askari walikuwa wamejaa barabarani. Sasa Mama hamsalimii. Wamekuwa marafiki tangu mimi sijazaliwa. Amemwambia mbele ya watu kwamba mwanawe alivuka nchi nzima kwenye baridi akapiga, na yeye alishindwa kuvuka barabara.

Nilipokata simu nilikwenda kuosha kidole kwa dawa ya kutolea madoa mpaka ngozi ikachubuka. Ile kalamu imetengenezwa kustahimili kuchemshwa.

Jumanne, 11 Machi

Pasipoti mpya imefika kwa posta. Inadumu miaka kumi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia karani kumuuliza kama wanaweza kunihamisha kituo sasa, kwa ajili ya uchaguzi ujao. Akasema daftari la nje hufutwa kila uchaguzi, wakati ukifika tutaanza upya. Kisha akauliza hali ya mdogo wangu. Nikamwambia yupo. Akasema asante, sijui ya nini.

Alhamisi, 20 Machi

Theluji imekwisha, uani kuna matope na jua. Mama alipiga mapema, kabla sijatoka kwenda kazini.

Wamewahamisha wauguzi wote. Wamewapeleka lile gereza la mpakani, safari ya siku mbili kwa gari, na kutembelewa ni mara moja kwa mwaka. Mama aliarifiwa dakika za mwisho, akawahi getini kabla lori halijaondoka. Wafungwa hawakuruhusiwa kubeba kitu. Mdogo wangu aliomba abebe ile picha tu. Askari akaichukua, akaigeuza, akauliza ni kidole cha nani. Akajibu, "Cha dada yangu. Alipiga kura." Askari akafikiri, akamrudishia.

"Alikuwa anacheka, mwanangu," Mama akasema. "Kwenye lori. Sijamwona anacheka tangu kesi."

"Mama," nikasema, "kuna jambo nataka kukuambia."

"Sema, mwanangu."

Simu haikuwa inakwaruza. Ilikuwa safi, nilimsikia anapumua, nilisikia hata kiti chake cha mbao kikilia alipojiweka sawa anisikilize.

Nikamwuliza kama miguu yake bado inavimba. Akanieleza, kwa kirefu, nami nikasikiliza mpaka salio lake likaisha.